Je, wajua kwa nini roboti ya kupakatwa ni mtoto wa sili, si paka?

Paro, roboti ya Kijapani inayopakatwa na wazee wenye ugonjwa wa kusahau, ina umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za barafu. Takanori Shibata alianza kuiunda mwaka 1993, na kabla ya kutulia kwa sili alijaribu paka na mbwa. Kikwazo ni kwamba paka tunamjua mno. Ukimpakata paka wa mota unamlinganisha papo hapo na yule wa nyumbani, na kila kasoro inaonekana. Sili, ni wangapi wamewahi kumgusa?

Hapa Moshi nimeyaona hayo mezani kwangu. Nilianza na roboti ya paka mdogo, ya kukaa kando ya kompyuta. Mpwa wangu akamtazama kidogo, akauliza, "Mjomba, mbona anaumwa?" Nikamfumua, nikashona perere, mnyama mdogo wa misitu ya Kilimanjaro, kwa manyoya ya koti la mtumba. Perere hukaa juu mitini na hutoka usiku, kwa hiyo hata wenyeji wa mlimani wengi hawajamwona kwa karibu. Safari hii mpwa wangu alimpakata bila swali.

Lakini uhai wake hauko kwenye manyoya. Uko kwenye pumzi. Tumboni nimeweka mota ya sevo ya gramu 9, yaani mota inayogeuka hadi digrii unayoiamuru, nayo inasukuma kipande cha sponji ya godoro. Ukiiamuru iruke mara moja kutoka digrii 60 hadi 90, kifua kinashtuka na gia zinalia "ziii". Ipeleke digrii moja moja, ikianza taratibu, ikichangamka katikati, kisha ikipoa kabla ya kusimama. Kushuka nako kuchukue muda zaidi ya kupanda, maana mtu akilala hutoa pumzi polepole kuliko anavyoivuta. Hapo ndipo mkono wako utakapotulia juu yake wenyewe. Macho ni vifungo vyeusi tu, hayasogei, na sioni yanachokosa.

Sauti sijamwekea, na sitamwekea. Sura ya perere huku ni ngeni, lakini kilio chake cha usiku kila mtoto wa mlimani amekisikia akiwa kitandani. Nikikiiga vibaya, nitakuwa nimerudi kwa paka.