Mabati ya Asbesto Yanaweza Kugeuzwa Vigae, Lakini Si kwa Tanuri la Matofali

Yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, yaliyoezeka shule na nyumba nyingi za watumishi Afrika Mashariki karne iliyopita, ni saruji iliyochanganywa na asbesto. Yakishushwa, kawaida hufungwa kwenye plastiki nzito na kuzikwa katika jalala maalumu. Kuzika huzuia vumbi tu. Asbesto haiozi.

Hatari yake kubwa imo katika umbo. Krisotili, aina iliyotumika zaidi, imeundwa kwa magnesiamu na silika, vitu vilivyomo hata kwenye udongo tunaoukanyaga, pamoja na maji yaliyofungwa ndani ya muundo wake. Shida ni kwamba imejipanga katika nyuzi nyembamba mno, ambazo mtu huzivuta bila kuziona na hukwama mapafuni. Saratani inaweza kujitokeza miaka 20, 40 au zaidi baadaye.

Umbo hilo huvunjwa na moto mkali. Nchini Italia, iliyopiga marufuku asbesto mwaka 1992, watafiti wa Chuo Kikuu cha Modena na Reggio Emilia, akiwemo Alessandro Gualtieri, walichoma taka za aina hii kwa joto la takriban sentigredi 1,200. Maji yale hutoka, muundo husambaratika, na madini mapya yasiyo asbesto huzaliwa. Eksirei na hadubini ya elektroni ndizo huthibitisha mabadiliko hayo. Zao hilo walilijaribu katika vigae, matofali na rangi za kauri, na mahali penyewe ni jirani na Sassuolo, kitovu cha vigae vya Italia. Ninachokipenda zaidi katika mbinu yao ni kwamba mzigo huingia tanurini ungali umefungwa, haupondwi kwanza. Kikwazo ni gharama ya nishati.

Sasa naomba tusikilizane: usitupie vipande hivyo kwenye tanuri la matofali wala kwenye moto wa taka. Joto la kuni halilingani kila upande, na saruji hiyo ikipata moto wa ghafla hupasuka kwa kishindo na kurusha nyuzi hewani.

Paa likiwa zima, liache. Usilitoboe, usilikwangue ili upake rangi. Likivunjika, waondoe watoto, lowesha vipande, usifagie pakavu, kisha wasiliana na mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, wakuelekeze nani anaruhusiwa kuyashusha mabati hayo na yapelekwe wapi.