Baibui jeusi, khanga ya pamba na sweta la mtoto: tunayodanganyana kuhusu nguo

Kaskazi, msimu wetu wa joto, ikishaingia tu mtaa mzima unakuwa madaktari wa nguo, na mengi tunayoambizana sio kabisa.

Ati baibui jeusi ndo linalopika mtu. Mie nlikuwa naamini hivo, lakini nna mabaibui mawili yote meusi, moja la kubana lina bitana na jengine pana kama ya mabibi zetu, lile la kubana nikifika nalo soko la Darajani mgongo wote ushatota, hili pana nazunguka nalo sokoni mpaka nachoka na wala sioni tabu. Rangi ile ile! Nyeusi inanyonya jua kweli, ila nguo ikiwa imeachana na mwili upepo unapita ndani unaliondoa joto kabla halijafika kwenye ngozi. Wataalamu walishapima makanzu ya Mabedui wa jangwani, wakaandika kwenye jarida la Nature mwaka 1980, kuwa nyeusi na nyeupe zikiwa pana joto linalofika mwilini ni sawasawa. Na sie wa visiwani hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki upesi, kwa hivo upana ndo muhimu zaidi.

Jengine, ati muuzaji akisema pamba basi ni pamba. Khanga nyingi siku hizi ni poliesta, hainyonyi jasho, linabaki ngozini na harara hazichelewi. Chomoa uzi mmoja pembeni uwashe kibiriti, wa pamba unanuka karatasi inayoungua na unabaki jivu laini, wa poliesta unayeyuka unakuwa kijidonge kigumu.

Na ganzi ya paja kwa nje sio lazima upepo mbaya, jinzi na mkanda wa kubana vinaweza kuubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye nyonga. Legeza kwanza, ikiendelea nenda hospitali.

Linaloniuma khaswa ni la watoto. Juzi nimeingia kwa dada, mchana wa jua kali, mtoto wa miezi mitano kavishwa sweta, soksi na kofia ya sufu, analia mpaka sauti imekauka, shangazi anasema mwacheni hivo hivo mikono yake ya baridi. Jamani mikono na miguu ya mtoto mchanga kuwa ya baridi kidogo ni kawaida, joto lake ulitafute shingoni kwa nyuma au kifuani. Siku za mwanzo baada ya kuzaliwa kweli anahitaji kufunikwa na kofia, lakini mtoto wa miezi mitano kwenye jua hili la kwetu kinguo kimoja chepesi kinamtosha. Nlimwambia shangazi, nishikie hapa shingoni. Akashika, akanyamaza, akamvua sweta mwenyewe, ndani vipele vyekundu kifua kizima, tukampangusa na kitambaa cha maji tukamvisha fulana ya pamba. Hata chai haijaiva kashalala.