Vipuri vya mabehewa ya mfano: yanayosemwa na ukweli wake

"Bila kuagiza vipuri Ulaya au Marekani, behewa halipendezi."
Vipuri vya huko vimetengenezwa kwa mabehewa ya huko. Behewa la TAZARA lina ngazi na vishikio vyake. Mwenye jicho hadanganyiki. Tena kishikio ni kazi ndogo. Nunua Kariakoo mita moja ya waya laini wa umeme wa 1.5 mm², ule wa nyuzi nyingi, si mgumu wa ukutani. Kwa kawaida ndani mna nyuzi 30 za shaba, kila moja mm 0.25. Kwa kipimo cha 1:87, yaani mfano ni mdogo mara 87 kuliko behewa halisi, chuma cha mm 20 huwa mm 0.23, kwa hiyo uzi huo unatosha kabisa.

Bana ncha moja, vuta nyingine kwa plaizi mpaka uhisi uzi umeachia kidogo: hapo umenyooka na kukakamaa. Ukizidisha, unakatika. Upinde juu ya kipande cha plastiki ngumu chenye upana wa mm 5. Utapata kishikio cha sm 45 hivi kwenye behewa halisi. Vyote vipindiwe hapo hapo, maana vishikio visivyolingana huonekana haraka kuliko unene uliozidi. Kabla ya kutoboa kwa biti ya mm 0.3, weka kitundu cha sindano, la sivyo biti itateleza na kuvunjika. Izungushe kwa vidole, si kwa drili ya umeme.

"Plastiki ni plastiki tu."
Geuza kikombe cha plastiki unachotaka kukatia vipuri, soma namba ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polistairini: asetoni huiyeyusha na kuiunganisha. Namba 5 haishiki. Utakibandika leo, kesho ukiokote sakafuni. Asetoni ipakwe kwa ncha ya brashi, kwenye kiungo tu. Ikizidi, plastiki nyembamba hukunjamana. Fungua madirisha, na moto uwe mbali.

"Supa gluu ikiacha weupe ni feki."
Si lazima. Ni mvuke wa gundi uliogandishwa na unyevu wa hewa, na Dar unyevu haukosekani, masika ndiyo usiseme. Tone kubwa hutoa mvuke mwingi. Chovya ncha ya sindano, gusa mguu wa kishikio kwa ndani ya behewa, acha hewa ipite. Usilifungie kwenye boksi kabla gundi haijakauka.

"Unene wote ufuate kipimo."
Bati la mm 3 lingekuwa mm 0.03! Tumia plastiki ya mm 0.5, kisha sugua ukingo unaoonekana kwa msasa namba 400, kutokea nyuma.

"Reli ya mm 16.5 inafaa behewa lolote la 1:87."
Huo ni upana kati ya vyuma viwili vya reli, na ni wa SGR, ambayo halisi ina mm 1435. Reli ya zamani ya kati, mm 1000, inatoka 11.5; TAZARA, mm 1067, inatoka 12.3. Reli ya mm 12 inazibeba zote mbili. Amua hili kabla ya kukata vipuri vya breki, maana hukaa katikati ya magurudumu.