Je, Wajua Kwa Nini Fedha za Soka Hazitoshi Kumfanya Mchezaji Kuwa Mfanyabiashara?

Mchezaji wa zamani anapofungua duka Kampala na duka hilo likafungwa baada ya muda mfupi, watu hupata maelezo haraka: alitapanya fedha ujanani, alinunua magari, alizungukwa na marafiki wasiomfaa. Akifanikiwa, maelezo huwa mafupi vilevile: alikuwa na jina na alikuwa na fedha. Yote mawili yanasimama juu ya dhana moja isiyo sahihi, kwamba safari ya kutoka uwanjani kwenda kwenye biashara huanza siku mchezaji anapostaafu. Kwa wengi tunaowafahamu ambao waliikamilisha vizuri, ilianza miaka kadhaa kabla, wakati mshahara wa soka ulikuwa ungali unaingia.

Hadithi ya utapanyaji inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu imewaumiza wengi wasiostahili lawama. Mwaka 2016, FIFPRO, chama cha kimataifa cha wachezaji wa kulipwa, kilitoa ripoti iliyotokana na majibu ya wachezaji karibu 14,000 katika nchi 54. Zaidi ya asilimia 45 walisema wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi, asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia, na wastani wa mkataba haukufika miezi 23. Hizo ni takwimu za dunia, si za Uganda peke yake, lakini zinatosha kuonyesha kwamba mchezaji wa kawaida hana utajiri wa kutapanya. Ana mshahara mdogo usio na uhakika, na mkataba unaokwisha kabla hajazoea njia ya kwenda mazoezini.

Kuna pia kundi la pili, ambalo hadithi hiyo hulisahau kabisa: wachezaji waangalifu. Hawa hawakunywa fedha zao wala kuzivaa. Walifanya kile ambacho kila mzazi na kila mjomba aliwashauri, yaani walinunua ardhi Wakiso au Mukono, wilaya za jirani na Kampala, na kuanza kujenga vyumba vya kupangisha. Ushauri huo si mbaya, ila kiwanja si biashara. Jengo lililofika kwenye linta halimwingizii mtu yeyote kodi ya pango, na linaendelea kudai saruji na mabati. Ardhi yenyewe ikiwa ni kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo (mfumo wa umiliki wa ardhi wa Buganda) ambayo hati yake iko kwa mwenye ardhi, ugumu huongezeka, kwa kuwa benki inayotaka dhamana huulizia kwanza hatimiliki, na mwenye kibanja hana. Hivyo mtu huyo anaweza kuwa na mali ya thamani kubwa kwenye karatasi na wakati huohuo kukosa mtaji wa kuzungusha wa kujaza rafu moja ya bidhaa kutoka Kikuubo, soko la jumla la Kampala. Kwa jirani anayemtazama, ametajirika na kisha akafilisika. Ukweli ni kwamba fedha zake zimelala mahali ambapo haziwezi kuamshwa kwa haraka.

Jina nalo husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Humleta mteja wa siku ya kwanza, na mara nyingi humleta akitaka kukopa.

Ili kuelewa kinachofanya kazi, ni vyema kutazama shamba la migomba. Shina la mgomba huzaa mkungu mmoja tu katika maisha yake, kisha hukatwa. Mkulima anayejua kazi hangoji siku ya kukata ndipo apande lingine, kwa maana mche mpya huhitaji mwaka mzima au zaidi kabla ya kutoa chakula. Huacha pamoja, mahali palepale, mama aliyebeba mkungu, mwana anayekaribia kubeba, na mjukuu anayechipua, huku akiyang'oa machipukizi mengine yasije yakawanyima lishe hao watatu. Mama anapokatwa, mwana tayari ana mizizi yake katika udongo uleule. Miaka ya soka ni mkungu mmoja wa namna hiyo. Huja mapema, kati ya umri wa miaka 18 na 33 hivi, na haurudii. Mchezaji anayeanza kujifunza biashara baada ya mechi ya mwisho anapanda mche siku aliyokata shina: hata akiwa na akiba, atakula akiba hiyo wakati mche unakua, kisha atalaumiwa kwa kula. Aliye na kazi ya pili iliyokwisha kushika mizizi anaweza kuwa na akiba ndogo zaidi na bado asipate njaa, kwa sababu makosa ya mwanzo, ambayo kila mfanyabiashara huyafanya, aliyafanya wakati mshahara wa soka ulikuwa ukiyafidia.

Jambo la kuvutia ni kwamba Uganda iliwahi kuwa na mpangilio uliomwachia mchezaji mwana huyo, yaani kazi ya pili, bila yeye kuuomba. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968, bingwa alikuwa timu ya Magereza. Miaka iliyofuata ilitawaliwa na majina yanayosomeka kama orodha ya waajiri: Coffee ya bodi ya kahawa, Simba ya jeshi, KCC iliyoanzishwa mwaka 1963 na wafanyakazi wa Halmashauri ya Jiji la Kampala, Uganda Commercial Bank iliyotwaa ubingwa mwaka 1979, na Nile ya kiwanda cha bia cha Jinja iliyoutwaa mwaka 1980. Katika timu za aina hiyo, mchezaji aliweza kuwa mwajiriwa wa taasisi yenyewe. Malipo hayakuwa makubwa, lakini aliyewekwa kwenye dawati la benki alijifunza jinsi mkopo unavyoombwa na jinsi unavyokataliwa, na aliyekuwa kiwandani aliona jinsi shehena inavyotoka ghalani hadi kwa muuzaji wa jumla. Goti lilipogoma, alibadilisha ratiba tu. Hakubadilisha maisha.

Mpangilio huo haukuuawa na soka. Ukiritimba wa zao la kahawa uliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashirika ya umma yakabinafsishwa, na Uganda Commercial Bank yenyewe ikaishia mikononi mwa benki ya Stanbic mwaka 2002. Mwajiri mpya hakuwa na sababu ya kulea timu. Wakati huohuo milango ya nje ilifunguka zaidi, na mshambuliaji Majid Musisi alipotoka SC Villa ya Kampala kwenda Rennes ya Ufaransa mwaka 1992, kila kijana alielewa mahali fedha zilipo. Ni maendeleo ya kweli, na hakuna anayepaswa kuyabeza. Hata hivyo yalimfanya mchezaji kuwa mchezaji na si kitu kingine, na kadiri kipaji kilivyokuwa kikubwa ndivyo nafasi ya kazi ya pili ilivyozidi kupungua. Mabaki ya mfumo wa zamani bado yapo katika timu kama URA ya Mamlaka ya Mapato, Polisi na UPDF ya jeshi.

Mifano ya nchi nyingine inaelekeza upande huohuo. Dave Whelan, beki wa Kiingereza, alivunjika mguu akiichezea Blackburn katika fainali ya Kombe la FA mwaka 1960, enzi ambayo mchezaji wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Alianza na meza sokoni huku bado akicheza Crewe katika madaraja ya chini, akafika kwenye maduka makubwa aliyoyauza mwaka 1978, kisha akaikuza JJB Sports, kampuni ya maduka ya vifaa vya michezo. Francis Lee wa Manchester City alianza biashara ya karatasi chakavu angali mchezaji, na baadaye akatajirika kwa karatasi za chooni. Mathieu Flamini, kiungo wa Ufaransa, alishiriki kuanzisha kampuni ya kemikali za mimea mwaka 2008 akiwa AC Milan. Karibu zaidi na sisi, Leodegar Tenga, nahodha wa Tanzania katika fainali za Afrika za mwaka 1980, alikuwa mhandisi kwa taaluma, na baadaye akaongoza Shirikisho la Wenye Viwanda Tanzania.

Mifano hii isomwe kwa tahadhari. Hawa ni waliofaulu, na waliofaulu ndio huandikwa. Bila shaka wapo walioanza mapema vilevile na wakaanguka, kwa kuwa kuanza mapema hupunguza hatari na hakuiondoi. Pia si haki kumtaka mchezaji anayecheleweshewa mshahara awe na mtaji wa kujaribia biashara.

Lakini hesabu ya miaka ni ngumu kuikwepa. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, NSSF, ambao mwajiri huuchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5, hulipa mafao ya uzeeni mtu anapofika miaka 55. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliruhusu kuchukua asilimia 20 ya akiba katika umri wa miaka 45, kwa sharti la kuwa umechangia miaka 10. Anayestaafu soka akiwa na miaka 33 anangoja miaka 12 kufikia sehemu hiyo ndogo na miaka 22 kufikia mafao ya uzeeni, na hiyo ni endapo kila klabu aliyopitia ilipeleka michango yake. Kwa mikataba isiyofika miaka miwili, miaka 10 ya michango inaweza kumaanisha klabu tano au zaidi, na klabu moja tu isiyopeleka michango inaweza kumwacha nje ya sharti. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa wakati wa kusaini mkataba, pamoja na lile la mshahara, ni kama klabu inachangia NSSF, na kama ratiba ya mazoezi inaacha saa za kutosha kwa darasa la uhasibu au kibarua dukani kwa mtu anayeijua biashara.