Moto wa London haukuchoma habari za mababu zetu

Hapa Unguja na Pemba ukiulizia babu aliepigana vita vya kwanza vya dunia katika KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) utaambiwa usijisumbue, kila kitu kiliungua London. Si kweli jamani. Septemba 1940 bomu la Wajerumani lilichoma ghala la mafaili la wizara ya vita, na yaloteketea ni ya wanajeshi wa Uingereza wenyewe, zaidi ya nusu ya mafaili yao. KAR haikua humo, ilikua chini ya wizara ya makoloni. Orodha za medali zilinusurika, zipo Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza huko London, mpaka leo. Kama medali iko sandukuni kwa bibi itazameni ukingoni, namba yake ya jeshi imechongwa pale, na namba ndo muhimu mana jina afisa kaandika alivosikia, Hamadi unaweza kumkuta Ahmadi. Karatasi za serikali ya zamani ziko Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.