Kwa nini mwenye nyumba Dar anataka kila mpangaji awe na LUKU yake?

Je, wajua kwamba katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, kinachomchosha mwenye nyumba si kukusanya kodi? Kodi ya miezi mitatu au sita hulipwa kwa mkupuo, siku hizi kwa simu, na habari yake inaishia hapo. Simu za saa nne usiku zinahusu umeme.

Chukua nyumba ya vyumba sita Mbagala au Tandika yenye mita moja ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika. Wapangaji wanachangishana. Mwenye taa moja na chaja ya simu anaona ananyonywa na mwenye friji. Mwenye friji anaapa kwamba jirani ndiye anayechemsha maharage kwa jiko la umeme. Uniti zikiisha hakuna anayetaka kununua, maana atawawashia wote. Basi anatafutwa mwenye nyumba, ambaye saa hiyo amekwama kwenye foleni ya Kimara. Akiamua hili, upande huu unanuna. Akiamua lile, upande ule.

Lakini ugomvi huo una sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: bei yenyewe. Kwa viwango vilivyoanza 2016, shirika la umeme, TANESCO, huwauzia wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, kabla ya VAT na tozo. Ukijumlisha hizo unapata ile bei ya "122" inayotajwa mitaani. Mteja wa kawaida hulipa 292 kabla ya tozo, karibu mara tatu. Sasa gawa uniti 75 kwa vyumba sita: kila chumba kinapata 12 na nusu kwa mwezi mzima. Friji moja tu inazimaliza. Kwa hiyo wapangaji wa mita moja wananunua umeme ghali, ilhali kila mmoja peke yake ana matumizi madogo.

Kuweka mita kwa kila chumba si bure. Ada ya kuunganishiwa mjini, kwa nyumba isiyohitaji nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 mwaka 2022. Vyumba sita ni zaidi ya milioni 1.9. Wengine humwita fundi awafungie mita ndogo nyuma ya ile kubwa, ila mtu lazima azisome na kupiga hesabu kila mwezi, na mtu huyo ni mwenye nyumba yuleyule asiye na muda.

Kuna jambo la kuangalia. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Nyumba ikiwa na mita nyingi, toa taarifa ili ikatwe kwenye mita moja tu. Na kwa kuwa mdaiwa ni mwenye nyumba, mpangaji aliyekatwa arudishiwe au apunguziwe kwenye pango. Wenye nyumba wengi hapa hujifanya hawajui, nami sioni kama ni haki.

Maji ni magumu zaidi, kwa kuwa bomba la uani ni la wote. Wengi huweka kiasi maalumu kwa kila kichwa, au huingiza bili ya maji ya DAWASA ndani ya kodi ya pango. Mpangaji mwenye watoto wanne huipenda sana njia hiyo ya pili, na wenzake wanajua kwa nini.