Huduma zinazojiwasha zenyewe kwenye mfumo mpya

Umemaliza kusakinisha Linux au BSD (mifumo endeshi ya kompyuta), mashine imejiwasha upya, na mbele yako kuna sehemu ya kuandika jina na nywila. Hujagusa kitu. Lakini nyuma ya skrini hiyo tayari kuna programu kadhaa kazini: moja inarekebisha saa, nyingine inaandika kumbukumbu za mfumo, nyingine imeshaomba anwani ya mtandao, na huenda ipo inayosubiri mtu wa mbali abishe hodi. Hizo ndizo huduma za chaguo-msingi: zile ambazo waliotengeneza mfumo waliamua ziwake kila mashine inapowashwa, bila wewe kuziomba.

Shika hilo neno "waliamua". Wengi wetu hatubadilishi tulichokikuta, kwa hiyo uamuzi wa mtu mmoja aliyeandaa mfumo hugeuka kuwa hali ya maelfu ya mashine. Mwezi Januari 2001 ilisambaa programu haribifu iliyoitwa Ramen. Ilishambulia Red Hat Linux 6.2 na 7.0 kupitia huduma tatu: ya kupokea mafaili kwa FTP, moja inayosaidia NFS (njia ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao), na ya kuchapisha. Marekebisho yalishatolewa miezi kadhaa kabla. Ila mtu hawezi kukarabati mlango asioujua. Hata asiye na printa nyumbani angeweza kuvamiwa kupitia huduma ya printa.

OpenBSD, mfumo wa familia ya BSD aliouanzisha Theo de Raadt mwaka 1995, ilishika njia nyingine: huduma isiyo ya lazima inabaki imezimwa hadi mwenyewe uiwashe. Tovuti yao inajivunia kwamba matundu ya kuingilia kwa mbali yaliyowahi kupatikana ni mawili tu katika usakinishaji wa kawaida. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika sana. Ukishaongeza seva ya wavuti na hifadhidata yako, ahadi hiyo haikuhusu tena. Na hata OpenBSD si tupu: wakati wa kusakinisha inakuuliza kama SSH (huduma ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) iwake, na jibu lililowekwa tayari ni ndiyo.

Tofauti nyingine huwachanganya wanaohama mfumo. Kwenye Debian, mojawapo ya aina za Linux, ukisakinisha seva ya wavuti iitwayo nginx, inawaka papo hapo na kuanza kusikiliza poti 80 (poti ni namba ya mlango wa huduma kwenye mtandao) kabla hujafungua faili lake la mipangilio. Kwenye Fedora, aina nyingine ya Linux, nginx hiyohiyo inakaa kimya mpaka uandike `systemctl enable --now nginx`. Debian wanaona kwamba aliyeomba kifurushi anataka kitumike. Fedora wanataka useme mara ya pili. Mimi nipo upande wa Fedora, kwa sababu dakika zile kabla ya kuweka mipangilio ndizo ambazo huduma haina ulinzi wowote uliouchagua wewe.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote kwenye Linux mpya, andika `ss -tlnp` kama msimamizi, amri inayoorodhesha huduma zinazosikiliza, usome safu ya anwani. Ukiona `127.0.0.1:631`, hiyo ni huduma ya kuchapisha, na inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu. Jirani kwenye mtandao haifikii. Ukiona `0.0.0.0:22`, hiyo ni SSH, na inapokea kutoka kila kadi ya mtandao uliyonayo. Namba ya poti inakuambia ni huduma gani. Anwani iliyo mbele yake inakuambia nani anaweza kuifikia, na hiyo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Amri hiyo huonyesha huduma za TCP peke yake, kwa hiyo rudia na `ss -ulnp` uone za UDP, njia nyingine ya kusafirisha data.

Kuzima kuna ngazi. Kwenye systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi, `stop` huzima sasa hivi, lakini huduma itarudi ukiwasha mashine tena. `disable` huizuia isijiwashe wakati wa kuwaka. Bado inaweza kuamshwa na kitu kingine: ukizima `cups.service` (huduma ya kuchapisha) ukaacha `cups.socket` (inayosubiri maombi kwa niaba yake), ombi la kwanza la kuchapisha litaiamsha. `mask` ndiyo hufunga kabisa, hata huduma nyingine ikiihitaji. Kwenye FreeBSD, ndugu wa OpenBSD, mambo ni mafupi; tuchukue SSH, ambayo huduma yake huitwa `sshd`: mstari `sshd_enable="NO"` ndani ya `/etc/rc.conf`, kisha `service sshd onestop`, maana `stop` ya kawaida haitafanya kitu kwa huduma iliyoandikwa NO.